Uchi Usio Wangu (6): Kidole Nilichomwazima Brenda

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye benchi la dawati la jinsia la polisi, mkoba mapajani, nasubiri karatasi moja tu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi. Mimi ni Aida Simbeye, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya watu binafsi hapa Tunduma. Siku kumi na nne kabla ya Alhamisi ya benchi hilo, mtu alirusha video ya sekunde arobaini kwenye grupu la wafanyabiashara wa mpakani lenye watu mia tisa. Sura ni yangu. Sauti ni kama yangu. Mwili ni wa mwanamke ambaye sijawahi kumwona, Mungu amsaidie popote alipo. Kabla kengele ya uji haijagongwa, video ilikuwa imeshafika kwenye grupu la wazazi wa darasa langu.

Mwalimu Yesaya, mwalimu mkuu wetu, akaniambia nipumzike nyumbani. Bodi ya shule ikapanga kukaa Ijumaa, saa sita mchana. Walitaka barua ya polisi inayosema kwamba mimi ndiye niliyetendewa. Bila barua hiyo, kazi hakuna. Na mwalimu aliyeachishwa kwa sababu ya uchi, hata uchi wa kubandikwa, hapokelewi na shule yoyote kuanzia hapa mpaka Mkwajuni.

Basi ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mpelelezi wangu ni Afande Atupele, mama wa makamo, mpole. Ana tabia ya kusema "eeh" kabla ya kukuvunja moyo.

"Eeh, mwalimu. Kaa vizuri."

"Nimekaa, afande."

"Yule Shadrack uliyemtaja tumemrudishia simu yake. Haina kitu."

Shadrack ni mwalimu mwenzangu, yule aliyetaka kunioa nikamkataa. Nilimtaja kwa uhakika wote. Kwenye maelezo yangu niliandika jina lake kwa herufi kubwa.

"Haina kitu kivipi? Si ndiye anayefundisha kompyuta?"

"Kufundisha kompyuta si kosa. Na amesema ukimtaja tena atakufungulia kesi ya kumchafulia jina."

Jina lake. Lake yeye.

"Sasa kama si Shadrack, ni nani?"

Afande aliandika namba ya simu kwenye kipande cha karatasi akakisukuma mbele yangu.

"Hii ndiyo namba iliyoirusha video kwenye lile grupu. Unaijua?"

Niliisoma mara mbili. Siku hizi nani anajua namba za watu kwa kichwa?

"Siijui."

"Basi tazama."

Akachukua simu yake, akaingia kwenye kutuma pesa, akaiandika ile namba, kisha akanigeuzia kioo. Simu ilikuwa inamuuliza kama ana uhakika anataka kumtumia AIDA SIMBEYE.

Nilicheka. Naapa nilicheka, kama mtu aliyeona jina lake kwenye kaburi la mtu mwingine.

"Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako na kwa alama ya kidole chako," alisema Afande. "Na si mimi wa kwanza kujaribu. Mwenyekiti wa wazazi alishafanya hivi juzi. Mji mzima umeliona hilo jina."

"Mji mzima unasemaje?"

"Unasema umejirusha mwenyewe. Unatafuta umaarufu."

Nikakigeuza kile kioo kifudifudi mezani.

"Eeh," akaendelea, nami nikajua kuna jingine. "Hii video wewe mwenyewe ulimtumia nani na nani?"

"Mwalimu mkuu. Mchungaji. Na grupu la wazazi."

"Kwa nini?"

"Wajue kwamba ni ya kughushi! Niliisimamisha pale shingoni, rangi ya ngozi inapobadilika, nikazungushia duara jekundu, nikaandika pembeni: angalieni hapa. Halafu nikaambatisha na video yenyewe, wahakikishe."

Nimefundisha miaka minne. Kosa ukilizungushia wino mwekundu, mtoto wa miaka kumi analiona. Nilidhani na wazazi wao wataliona. Wazazi hawakuangalia shingo.

"Kwa hiyo uliisambaza," alisema Afande Atupele taratibu.

"Niliisahihisha!"

"Mwalimu, sheria inauliza nani ametuma picha za ngono kwenye mtandao. Haiulizi kama ameweka duara."

"Sheria gani hiyo inamshika aliyevuliwa nguo?"

"Usiitukane. Ni sheria nzuri. Inamshika aliyetengeneza na aliyesambaza, na mimi mwenyewe nimeshamfikisha mtu gerezani kwa sheria hiyo. Lakini lazima nianzie kwenye namba. Na namba ni yako."

"Mwili si wangu, afande. Wameutengeneza kwa akili mnemba."

"Nakuamini. Mimi ni mwanamke, nimeiona, nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakuandikwi kwenye jalada. Hilo la mwili ni la mtaalamu, na mtaalamu hayupo Songwe. Simu itasafirishwa, itakaa foleni. Miezi."

"Bodi inakaa kesho."

"Eeh."

Nikaitazama tena ile namba. Sasa nikaona tarakimu tatu za mwisho, saba saba mbili. Ndipo nilipokikumbuka kidole changu.

Ninyi mnaoishi Tunduma hamtashangaa. Nani kati yetu hana baba mdogo, shangazi au binamu upande wa pili? Wanakuja asubuhi, wanauza, wananunua, wanarudi Zambia jioni. Wanataka laini ya Tanzania, kitambulisho cha Tanzania hawana. Kwa hiyo unamwazima ndugu yako kidole, kama unavyomwazima sufuria siku ya msiba. Nani humnyima ndugu sufuria?

Brenda ni mtoto wa baba yangu mdogo. Nimemzidi miaka miwili, tumelala kitanda kimoja tulipokuwa wadogo. Ameolewa Nakonde, upande wa Zambia. Anapika chikanda, ile inayokatwa vipande kama mkate, ya viazi vya porini na karanga. Wanawake wa Ileje wanaomletea viazi walikuwa hawapokei simu za namba ya Zambia. Ndiyo maana mwaka jana tulisimama naye chini ya mwavuli wa Watson, kijana wa kusajili laini. Brenda alinishika kidole, akakipangusa kwa chitenge chake, akakiweka mwenyewe juu ya kioo cha ile mashine ya vidole. Tulikuwa tunacheka, naye akachagua namba inayoishia saba saba mbili ili asiisahau. Watson hakuuliza laini ni ya nani. Watson hajawahi kumuuliza mtu.

"Afande," nikasema. "Kama mtu amemsajilia ndugu yake laini?"

Akainua mkono kama anazuia gari.

"Subiri. Fikiri kwanza kabla hujanijibu. Kumsajilia mtu mwingine kwa kidole chako nako ni kosa. Ukisema laini ni yako, umejirusha. Ukisema ni ya ndugu yako, umekiri kosa jingine, na huyo ndugu lazima aje hapa kwa miguu yake aseme hivyo. Yuko wapi?"

"Nakonde."

Akaweka kalamu chini.

"Kule siwezi kukamata hata kuku. Mlete wewe. Kesho saa tatu. Akikubali mbele yangu kwamba laini alikuwa nayo yeye, la kidole nitaliandika kama lilivyo, na barua ya bodi nitakuandikia mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Nilitoka mbio.

Mpakani nilipita pale tunapopita sote wenye ndugu ng'ambo. Vijana wa kubadilisha hela walikuwa wameegemea lori. Mmoja akaniona.

"Mwalimu! Leo kipindi gani?"

"Baiolojia!" akadakia mwenzake, wakapigana viganja.

"Leo ni adabu," nikamjibu, "lakini wewe ulishafeli tangu kwenu."

Wakacheka zaidi. Nilitembea mgongo ukiwa umenyooka mpaka nilipowapita.

Brenda alikuwa uani, anatwanga karanga. Mtoto wake Diana, wa miaka miwili, alikuwa anachezea maganda. Lilikuwa joto la kuunguza, lakini Brenda alikuwa amejifunga chitenge kichwani hadi kwenye nyusi.

"Iwe, dada! Hata kupiga simu?"

"Nipige namba ipi, Brenda?"

Mchi ukasimama.

"Laini niliyokusajilia iko wapi?"

"Ilipotea."

"Lini?"

"Kitambo."

"Haikupotea. Inaongea. Imeongea na watu mia tisa. Nitazame."

Akanitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefumba, limevimba, na chini yake kulikuwa na alama ya duara kama mhuri.

"Nilijigonga mlangoni," alisema kabla sijauliza.

"Mlango wenu unavaa pete?"

Brenda aliokota karanga moja iliyoruka, akairudisha kinuni. Kisha akakaa chini, karanga, mchi, mtoto na yote, akaanza kusema bila kunitazama.

Mumewe Lucky ni dereva wa lori. Mnamkumbuka, nilimtaja sehemu ya pili, yule aliyeniletea vitenge siku ya mahafali yangu na kuniita shemeji kila baada ya neno. Mwezi wa sita Brenda alinipigia akilia, nami nikamtumia ujumbe wa sauti. Nilisema: mwache huyo mwanamume, rudi kwetu, mtoto tutamlea. Nilisema na mengine. Nina ulimi, mnanijua.

Lucky aliusikiliza ule ujumbe wote.

"Alisema, huyu mwalimu anafundisha wake za watu," Brenda alieleza. "Akachukua simu, na laini ndani yake. Akakaa nayo kwenye kichwa cha lori siku mbili. Picha alitumia ile ya mahafali, ile niliyokupiga mimi. Sauti akatoa kwenye meseji zako."

"Wewe ulijuaje?"

"Alinionyesha kabla hajairusha."

Ndugu msomaji, niliwahi kufiwa. Niliwahi kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho.

"Alikuonyesha. Wewe ukasema nini?"

"Nikasema unafanana."

"Ulisema nini?"

"Ningesema nini, dada? Alikuwa amesimama hapo. Alitaka niseme. Nikasema mmefanana sana. Akataka nicheke." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nikacheka."

Diana alikuja na ganda la karanga akaniwekea mkononi, kama zawadi. Nikalishika.

Nilitaka kumpiga Brenda. Nawaambia ukweli, ndiyo maana ya kuandika haya. Kiganja kiliniwasha. Lakini ungempiga wapi, wakati mwenzio ameshamaliza nafasi?

"Lucky yuko wapi sasa?"

"Ndola. Anashusha mzigo. Anarudi Jumamosi."

"Kesho ni Ijumaa. Kesho saa tatu unakuja Tunduma, unakaa mbele ya Afande Atupele, unasema laini ulikuwa nayo wewe na Lucky akakunyang'anya. Maneno hayo tu. Usiongeze, usipunguze."

"Na nikirudi hapa?"

"Hurudi. Mtoto unakuja naye. Mama ameshatandika kitanda."

Mama alikuwa hajatandika kitanda. Mama alikuwa hata hajui. Tangu video ile Mama hajazungumza nami zaidi ya "chakula kipo". Lakini nilisema hivyo, na Brenda akaniamini, kwa sababu tangu utotoni huwa ananiamini.

"Nitakuja, dada," alisema. "Mwe! Nitakuja."

Akanifungia kipande cha chikanda kwenye plastiki. Nilikitupa njiani kwa mbwa.

Ijumaa saa mbili na nusu nilikuwa kwenye lile benchi. Nilivaa gauni la kijivu linalofunika mpaka vifundo, maana siku hizi wanaume wakinitazama wanatazama kitu walichokwisha kukiona, au wanachodhani wamekiona.

Saa tatu. Brenda hayupo.

Saa tatu na nusu. Afande Atupele akachungulia, akarudi ndani.

Saa nne Mwalimu Yesaya akapiga.

"Mwalimu Aida, ile barua?"

"Inaandikwa, mwalimu."

"Wajumbe wawili wameshafika kutoka Vwawa. Wameulizia chai. Mimi nakutetea, lakini nakutetea na nini? Mikono mitupu?"

"Saa sita haijafika."

"Haijafika," alikubali. Kisha akashusha sauti. "Kuna mzazi ameniuliza kama dawati ulilokuwa unakalia tutalibadilisha."

"Mwambie aje alichome moto."

"Usiongee hivyo mbele ya bodi."

"Bodi haijaniita, mwalimu, inataka karatasi tu."

Alikata simu. Nadhani alikuwa anakaribia kulia. Yesaya si mtu mbaya. Hawa watu wasio wabaya wamejaa Tunduma, na hakuna hata mmoja aliyesimama nami.

Saa nne na dakika arobaini mlango wa kituo ulifunguka. Nilimwona Brenda, chitenge kichwani, kichwa chini.

Nikasimama. Nilianza kutabasamu, nakiri.

Nyuma yake akaingia Lucky, amembeba Diana.

Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa adabu. Shati limepigwa pasi. Akamsalimia kila askari, mmoja mmoja, kwa Kiswahili chake cha Nakonde.

"Habari za kazi, ba afande. Shemeji, mulishani?" Akaniinamia kidogo. "Mzigo ulishuka mapema, Mungu mwema. Nikamkuta mke wangu anavaa viatu. Nikamuuliza, unakwenda wapi? Akasema, polisi. Nikasema, mwe bantu, mke wangu hawezi kwenda polisi peke yake kama mwizi. Nimemsindikiza."

Diana alikuwa ananyonya kidole, kichwa begani kwa baba yake.

Tukaingia wote. Afande Atupele aliniangalia mimi, akamwangalia Lucky, akafungua jalada.

"Baba, naomba usubiri nje."

"Nitasubiri, afande. Lakini mtoto analia nikimwacha. Na mama yake bila mimi hawezi kuongea, ana woga." Akakaa. Alikaa vizuri kabisa, kama mtu aliyekuja kwenye kikao cha harusi.

Afande alisita. Nilimwona akisita. Angeweza kumtoa, na mpaka leo sijui kwa nini hakumtoa. Labda ni lile shati. Labda ni mtoto.

"Mama, unaijua namba hii?"

Brenda akaitazama karatasi. "Hapana."

"Huyu dada yako anasema alikusajilia wewe."

"Mimi nina laini ya Zambia tu."

"Brenda," nikasema.

"Mwalimu, nyamaza," Afande alinikatiza. "Mama, kwa nini dada yako aseme hivyo?"

Brenda alikuwa anatazama viatu vya Diana. Viatu vidogo, vyekundu, kimoja kimefunguka mkanda.

"Dada yangu anapenda kujipiga picha," alisema. "Tangu chuo."

Lucky alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza somo la kwanza kanisani.

"Hatuna ubaya naye, afande," akasema. "Ni damu yetu. Tunamwombea."

"Jicho lako lina nini, mama?"

"Mchi ulinirukia."

Jana ulikuwa mlango, leo ni mchi. Afande aliandika mchi. Niliiona kalamu yake ikiandika, herufi nne, na hakuna mtu aliyezungushia duara.

"Eeh, mwalimu."

Nilijua.

"Laini ni yako. Shahidi uliyemleta mwenyewe amekukana. Na kwa maelezo yako ya jana umekubali kuituma video kwa wazazi. Mimi sina njia. Kama huna la kuongeza, nitakubadilisha kutoka mlalamikaji kuwa mtuhumiwa, na nitakuweka ndani mpaka Jumatatu. Vua viatu. Mkoba, kilemba, hereni, weka hapa mezani."

"Na barua?"

"Barua gani tena, mwanangu?"

Aliniita mwanangu. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikavua kiatu cha kulia. Sakafu ilikuwa ya baridi. Simu yangu ikaanza kutetemeka mkononi: Mwalimu Yesaya. Saa tano na dakika hamsini. Ikatetemeka mpaka ikachoka.

Sasa niwaambie jambo nililowaficha hapo juu.

Jana, nilipofika kwa Brenda, kabla sijapiga hodi, nilisimama nyuma ya ukuta wake nikawasha kinasa sauti cha simu. Nikaitia mfukoni. Hakujua. Dakika kumi na saba. Yote aliyoyasema yamo, kuhusu pete, kichwa cha lori, picha ya mahafali na kile kicheko.

Sikuwaambia kwa sababu naona aibu. Nilichukua kilio cha mtu bila kumwomba, nikakihifadhi, nikakipa jina na tarehe. Jana usingizi ulinipata kwa sababu ya kitu hicho. Nilijiambia sitakitumia, Brenda atakuja, atasema mwenyewe, nami nitakifuta asijue kamwe kilikuwapo.

Nikivua na kiatu cha kushoto, bodi itakaa bila mimi, jina langu litabaki kwenye ile namba, na Brenda atarudi Nakonde ameshika mkono wa mumewe, salama kwa leo.

Nikibonyeza, Afande atapata anachokitaka. Labda. Lucky yuko upande huu wa mpaka, ndani ya kituo, kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halitatokea tena. Lakini lazima wapate cha kumshika nacho, na cha kumshika nacho ni maneno ya Brenda, na Brenda ameshayakana. Watamweka siku mbili, watamwachia. Halafu atakwenda nyumbani akiwa anajua mkewe alisema nini, neno kwa neno.

Brenda aliinua uso. Aliiona simu mkononi mwangu, akaona kidole changu kilipo. Tulilala kitanda kimoja, nimewaambia. Jicho lake moja lile zima likafunguka lote, na akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama mtu anayefukuza inzi asitake watu wamwone.

"Mwalimu?" Afande alikuwa ananisubiri. "Una la kuongeza?"

Nje niliwasikia askari wawili wanacheka. Huenda walikuwa wanacheka habari za mpira. Mimi siku hizi kila kicheko ni changu.

Nikasema, "Ninalo."

Nikabonyeza.

Kwanza ilisikika sauti ya mchi, mbali. Nikasogeza mbele kwa kidole, haraka, kuitafuta sehemu ya Lucky, na kidole kikapita, kikaangukia mwisho kabisa, pale tulipokuwa tunaagana mlangoni. Sauti ya Brenda ikajaa chumba, safi, karibu, kama anatunong'oneza sote.

"Dada, niapie kwamba Lucky hatasikia haya."

Halafu sauti yangu, ile ile ninayoifundishia watoto:

"Naapa."

Nilikuwa nimesimama na kiatu kimoja. Afande Atupele alinyoosha mkono juu ya meza ili aichukue simu. Brenda alifumba na lile jicho lililokuwa limebaki.

Lucky alimhamisha mtoto, taratibu, kutoka mkono wa kulia, ule wenye pete, kwenda mkono wa kushoto.